Ngazi ya Tisa

Aliniambia nivue buibui, nilale kifudifudi,
akaanza kunibonyeza kwa kidole gumba
mpaka ukucha wake ukageuka mweupe.
Hapa? Hapo. Na hapa? Na hapo pia, daktari.
Shingoni, begani, kiunoni, ndani ya goti,
kote alikopita nililia kama bawaba iliyokauka.
Kisha akaketi, Daktari Kadzo, mtoto wa Malindi,
akaandika neno refu kuliko jina langu na la babangu.

Faibromayalgia.

Miaka mitatu nimebeba bahasha za kaki,
boti hadi Mokowe, kisha basi, kisha foleni,
na kila bahasha ikirudi na neno moja:
safi. Damu safi. Mkojo safi. Picha ya mgongo safi.
Safi kama nyumba waliyoihama watu,
na mimi ndani yake napiga kelele.
Basi siku ile nilicheka. Daktari akanitazama.
Nitamwelezaje kwamba nilikuwa nimefikia
kuomba, juu ya mswala, nipatikane na kitu?

Nyumbani mavyaa alitaka kulisikia.
Nikalitamka mara tatu. Akalitafuna.
"Faiba Maryamu," akasema. "Huyu ni mwana wa nani?"
Tangu hapo ndilo jina lake Langoni kote:
Faiba amelala? Faiba leo amekuacha upike?
Jirani yetu Mwanatumu akashauri kombe,
zafarani juu ya sahani nyeupe, nioshe, ninywe.
Nilikunywa. Na vidonge vya usiku nikameza.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu nimempa jembe, analima mabega yangu.

Nitasema jambo la aibu.
Kuna punda hapa mtaani, wa Bwana Famau, mbeba mchanga.
Alipata kidonda mgongoni, chekundu, kila mtu akakiona,
wakampeleka zahanati ya punda,
akapakwa dawa ya zambarau,
akaandikiwa wiki mbili asibebe kitu.
Nilimwonea wivu. Wallahi, punda.
Nilisimama dirishani na ndoo mkononi
nikiitamani rangi ile, japo tone,
mahali ambapo wifi yangu angeiona
kabla hajasema, "Mbona uso wako wang'aa?"

Kofia ya bwana harusi wa Siyu
ilikuwa iishe kabla ya Maulidi.
Zamani vitundu arobaini kwa siku, tena nikipiga soga.
Sasa vitatu. Siku nyingine sindano yenyewe
nzito kama mchi.
Nilimrudishia pesa zake. Akakataa kuzipokea,
akasema atasubiri; sijui kama ni imani au huruma,
na huruma nayo ina uzito wake.

Shee, mume wangu, hajui kuuliza.
Ila vifuniko vya chupa zote jikoni
siku hizi navikuta vimelegezwa.
Na Rukiya, wa miaka minane, amejifunza
kunikumbatia bila kunigusa:
mikono yake hufanya duara kunizunguka,
hufumba macho, hubana hewa kwa nguvu zake zote.
"Imefika?" huuliza.
Imefika.

Nyumba yetu ina ngazi kumi na saba za mawe,
hazina habari za Faiba.
Ya tisa ndiyo pana, na hapo ukutani pana kidaka
alimozoea mavyaa kuweka chetezo.
Nimeweka mto pale.
Mwanzo niliketi nikiona haya,
nikijifanya natafuta pete kila anipitaye mtu.
Kisha nikaacha uzi kwenye kidaka. Kisha mkasi.
Chetezo kimehamia chini, hakuna aliyesema kitu.

Leo nimetoboa vitundu viwili
nikisubiri miguu ikubali.
Cha tatu nimekiacha.
Huko juu wali umeanza kunukia ukoko;
nimeita, "Rukiya, epua!"
na sikuinuka.